Mfunike Baba, Usimfunike Kondoo

Kijijini Shiqiao, Mwaka wa Joka, mwezi wa pili

Baba Shuan mpenzi,

Kabla ya salamu nikwambie alichofanya mwanao sasa hivi. Mjane Meng alikuwa anapita nje ya ukuta, anamwita kondoo wake aliyepotea. Shuan akakimbia nyuma ya jiko, akamziba kondoo mdomo kwa mikono yake miwili. Kisha akanitazama akitabasamu, kama mtoto anayengoja kusifiwa. Na ana miaka minne tu!

Hujambo lakini? Kikohozi kimepoa? Sisi wazima wa mwili, ila moyo.

Kondoo aliingia uani mwenyewe. Baba yako akafunga mlango tu. Anataka kumchinja Siku ya Makaburi, amtambikie Bibi. "Mama yangu alikufa na njaa," anasema, "mwaka huu atakula nyama." Lakini Mjane Meng anamshuku Kou kiguru, yule muuza tofu, na wazee wa ukoo wameapa kwamba siku hiyohiyo watamchapa viboko na kumfukuza kijijini. Nikisema, nimemshtaki mkwe wangu: nitarudishwa kwetu, na Shuan nitamwacha hapa. Nikinyamaza, Shuan atakuwa mtu wa namna gani? Wewe ndiye unayesomea wema huko. Nijibu upesi.

Mkeo, Mama Shuan

Shuleni, mwezi huohuo, mwishoni

Mama Shuan wangu,

Nakusalimu, na Baba nampigia magoti kutoka mbali. Kikohozi kimepoa, majani yako machungu yamenifaa. Barua yako imenitoa hamu ya chakula.

Nilitaka kukuandikia: nyamaza, mtoto humsitiri mzazi, ndivyo tulivyofunzwa. Hata kipande cha wino nilishakisaga kwa maji. Kisha nikamuuliza Mwalimu, nikisingizia ni habari ya rafiki. Akaniangalia. "Na huyo kondoo wa rafiki yako, ni mnene?" Wenzangu wakaangua kicheko, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Alipowanyamazisha akasema, "Mfunike baba yako. Nani alikwambia umfunike hata kondoo?"

Basi usiende kwa wazee. Nenda kwa Baba mwenyewe, kwa magoti, kwa sauti ya chini. Akikasirika usibishane, ondoka, urudi tena. Mto umefurika na vivuko havipakii abiria, kwa hiyo sitawahi kufika. Mke wangu, mzigo ulikuwa wangu, nami nimekutwika wewe.

Mumeo, Baba Shuan

Shiqiao, Siku ya Makaburi, asubuhi

Baba Shuan,

Umeamkaje huko? Barua ilifika, asante.

Nilimpelekea Baba maji ya kunawa, nikapiga magoti. Nikamwambia, "Baba, Bibi akiuliza nyama imetoka wapi, tutamjibu nini?" Akapiga beseni teke. "Mumeo anasoma vitabu, na wewe sasa unataka kunisoma mimi!" Nikafuta maji, nikaondoka. Nikarudi jioni, nikarudi na jana. Jana hakupiga teke, alinigeuzia mgongo tu. Nikasema moyoni, hata mgongo una masikio.

Leo ngoma ya jumba la ukoo inalia. Kou wameshamfunga, namsikia mkewe akipiga mayowe. Baba kisu amekwishakinoa, ameketi mbele ya kondoo, wala hanyanyuki. Naandika ili mikono yangu iwe na kazi, nisitoke mbio. Maana ngoma ikinyamaza viboko vinaanza, na hapo nitakwenda nikaseme, liwalo na liwe. Ukisikia nimerudishwa kwetu, mtunze mtoto.

Nje mtu anapita. Shuan amemziba kondoo mdomo tena, kwa nguvu mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Amemuuliza, "Babu, nimwachie?"

Baba anaitazama ile mikono midogo.

Bado anaitazama.

"Mwachie," amesema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kondoo analia, kijiji kizima kinamsikia! Baba amesimama, kisu amekitupa kwenye kuni, ananiita, Baba Shuan, anataka kamba! Anasema nimvishe mtoto viatu vizuri, waende wote mpaka mbele ya wazee, mjukuu wake aone babu yake anavyomrudisha kondoo wa watu na kumfungua Kou. Kalamu naiweka, natoka nao!