Dawa Niliyopakwa kwa Siri

Jumamosi, Muhumba. Mvua imeshinda ikinyesha, ziwa halionekani, na nimejifungia chumbani na moyo usiotulia tangu Jumatano.

Naona haya kuliandika hili: kwa wiki kadhaa nimekuwa nikimshuku kila mtu anayegusa kichwa changu.

Mnaonisoma mnajua kwamba niliacha dawa ya kunyoosha nywele mwezi wa pili. Niliianza nikiwa na miaka tisa, siku chache kabla ya komunyo ya kwanza, na sasa nina thelathini na moja. Niliiacha kwa sababu iliniunguza kisogoni mara tatu, na mara ya mwisho kidonda kilipona lakini nywele hazikurudi. Sikuwa na ujasiri wa kukata zote kwa mkupuo. Nikasema nitasubiri za asili ziote, huku nikipunguza polepole zile zilizonyooka. Miezi tisa nimetembea na kichwa cha aina mbili, kipilipili kwenye ngozi na nyuzi zilizolala huko nchani.

Mtu niliyemkabidhi kichwa hicho ni maman Béa, mwenye saluni ndogo kule Nguba. Amenisuka tangu utotoni. Kila baada ya wiki mbili alikuwa ananipaka krimu anayoichanganya mwenyewe, ya parachichi na asali. Ndivyo alivyoniambia.

Oktoba nikaanza kuona kitu. Nywele mpya zilikuwa zinalala. Kazini wakanisifu, hata mkubwa wangu alisimama mlangoni akasema, "Nsimire, sasa njo unakuwa bien!" yaani sasa ndiyo napendeza. Mimi sikufurahi. Kipilipili changu hakilali kwa parachichi.

Tena ile krimu ilianza kupasha joto, pale pale kwenye kovu. Nilipouliza, maman Béa alicheka. "Iko na pilipili kidogo, chérie. Inaamusha damu."

Pilipili ilitoka wapi?

Tangu hapo nilimchunguza. Niligundua kwamba anachanganya akiwa amenipa mgongo. Nilipomwomba anifungie kidogo nipeleke nyumbani, alisema inaharibika upesi. Nilijichukia kwa kumwangalia hivyo, mwanamke aliyewahi kunibeba mgongoni, lakini macho yalikataa kuacha.

Jumatano alitoka kidogo kuongea na mteja barazani. Nikachota krimu kwa kidole, nikaitia ndani ya kikopo tupu cha mafuta ya midomo. Ndiyo, niliiba.

Nyumbani nilikuwa na bahasha yenye nywele zangu za asili. Nilizikata mwezi wa nane, kishungi kidogo tu, kwa furaha ya kuona jinsi zinavyojikunja. Nikakigawa mara mbili. Nusu nikaitia kwenye krimu ya maman Béa, nusu kwenye parachichi nililoliponda mwenyewe jikoni. Baada ya nusu saa nikasuuza.

Za parachichi zilibaki zimejikunja. Za krimu zilinyooka kabisa.

Leo asubuhi nilishuka Nguba kwa miguu katika mvua, kabla wateja hawajafika. Niliweka vile vishungi viwili juu ya meza yake, kimoja huku, kingine huku. Maman Béa alivitazama, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Ni produit ya batoto, ile dawa ya kunyosha nywele," alisema. "Kidogo tu. Nilikuwa naichanganya."

"Juu ya nini, maman Béa?"

"Miye nilikatala mara mbili. Ya tatu akakuya hapa, akalia mbele ya batu."

"Nani?"

"Maman yako."

Nilikuwa nimewashuku wote. Wateja, mfanyakazi wa saluni, hata wauzaji wa ile asali. Maman, hapana. Maman aliyekuwa akiniuliza kila mara, "Leo unaenda kwa maman Béa?" na mimi nikidhani ananijali.

Niliporudi nyumbani nilimkuta maman jikoni anachambua maharagi. Nilimwambia nimetoka wapi. Hakuinua macho.

"Dot ya Aline iko samedi," alisema. Aline ni mdogo wangu. Jumamosi ijayo familia ya mchumba wake inaleta mahari yake kule Nyangezi, kwa baba mkubwa, mbele ya mashangazi. "Ba tantine bote watakuwa pale. Weye njo mukubwa, hauna bwana, halafu unasimama na kichwa sawa vile mugonjwa? Watasema nini juu yangu?"

"Ilikuwa inaniunguza, maman. Unajua."

"Nilimwambia aweke kidogo."

"Haukuniuliza."

"Ningekuuliza, ungekubali?"

"Hapana."

"Njo maana sikuuliza."

Alisema hivyo kwa upole, kama anayemweleza mtoto kwa nini amenyang'anywa kisu. Hilo ndilo lililoniumiza. Hakuona kosa lolote.

Niliingia bafuni nikachukua mkasi. Nilikata zote, za zamani na zile za miezi tisa, maana sikujua tena zipi ni zangu na zipi zimeguswa. Nililia mwanzoni tu. Mkasi wetu ni butu na kazi ilikuwa nyingi. Nilipomaliza, kichwa kilikuwa na mabonde na vilima, na kovu la kisogoni liko wazi kwa kila mtu.

Maman alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Mkononi alikuwa na chupa ndogo ya mafuta.

"Inama," alisema. "Ngozi imekauka."

Nilichukua ile chupa nikainusa.

Sikupanga kufanya hivyo. Pua ilitangulia. Aliniona, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake.

Akaichukua chupa kutoka mkononi mwangu. Akavua kitambaa chake cha kichwa, ambacho huvaa hata akilala, akajimiminia mafuta kwenye kiganja na kujipaka mwenyewe kwanza. Kando zote mbili, juu ya masikio, hana hata unywele mmoja. Ngozi inang'aa kama kovu langu. Miaka yote hii sikujua.

"Sasa inama," akasema tena.

Niliinama.

Jumamosi nitaenda Nyangezi hivi hivi, na ba tantine waseme watakalo. Aline ameshaniona, akacheka, akanikumbatia, akasema nitavaa hereni zake kubwa. Hilo halinisumbui tena.

Linalonisumbua ni hili: wakati mikono ya maman ilipokuwa ikipita kichwani mwangu, polepole, nilikuwa nimefumba macho, na bado nilikuwa nasikiliza ngozi yangu, nikisubiri ianze kupata joto. Haikupata.

Itanichukua muda gani kuacha kusubiri?