Msamaha Ulioniombesha

Mama Kapinga,

Tumekuzika. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanawake waliokuosha. Niliosha miguu yako, ile iliyovimba mwishoni, na wakati huo nilikuwa bado sijaambiwa neno. Nililia kama mtoto wa tumbo lako. Sasa nataka yale machozi yangu yanirudie, na hayarudi.

Kule maternité wameshaweka mkubwa mwingine wa wakunga mahali pako, dada kutoka Lubumbashi. Anawafokea wanawake wenye uchungu. Wewe hukufoka hata siku moja. Nilipokuja kwako kujifunza kazi ulishika mkono wangu, ukauweka juu ya tumbo la mama mmoja, ukaniambia, "Sikiliza kwanza na mukono, Ngoie. Mutoto anasemaka mbele ya kuzaliwa." Nimepokea watoto wengi kwa neno hilo. Mpaka pénicilline ilipoanza kupotea kabatini.

Funguo zilikuwa kwako na kwangu tu. Dawa zikaonekana zinauzwa kwenye soko la Manika, na polisi wakaja kunikamata mimi, kwa sababu ndimi niliyekuwa zamuni. Wewe ulisimama kwenye korido, mikono umeifunga kifuani, hukusema kitu. Nilidhani ni huzuni. Hakimu nilimwambia sijachukua hata kipande cha pamba. Akasema mwizi, akanifunga.

Avocat wangu, wakili niliyepewa, alikata rufaa. Tumaini lake lilikuwa moja: yule muuzaji wa Manika, ambaye mahakama ya kwanza haikujisumbua kumwita, aitwe aseme alinunua dawa kwa nani.

Ndipo ulipokuja gerezani. Ulileta bukari uliyoisonga mwenyewe na sombe ya majani ya muhogo katika sufuria, umeifunga na kikwembe chako cha kiunoni, bado ya moto. Ulinitazama nikila. Kisha ukasema, "Mwana wangu, hii rufaa itakuozesha humu. Iache, uombe grâce ya Raisi. Sikukuu ikifika anasamehe bantu. Grâce inapangusa yote. Utatoka safi kama mutoto nimemukata kitovu leo."

Avocat alikataa. Alisema grâce hawaipokei mpaka rufaa iondolewe, na kuondoa rufaa ni kuikubali hukumu. Aliniomba nivumilie. Nikampima yeye, mtu niliyemjua juzi, nikakupima wewe. Nikatia sahihi.

Sikukuu ikafika, majina yakasomwa uwanjani, na langu likawemo. Uliningoja mlangoni na kikwembe kipya. Tulirudi Kapata unaimba njia nzima, na majirani walitoka kwenye nyumba zao za kampuni kutupigia vigelegele. Nilikuwa na furaha, Mama. Hiyo siwezi kuikana.

Nilipokwenda kuomba kazi yangu, mkurugenzi alinipokea kwa heshima. "Citoyenne Ngoie, leta kwanza karatasi ya tribunal inayoonyesha huna hukumu." Nikaenda Manika, kwa karani wa mahakama. Kumbe jina langu lilikuwa palepale: wizi, kifungo, na chini yake wameongeza grâce.

Nikamwambia, "Tata, hapa mumesahau kupangusa."

Alikuwa mzee mpole. Alinitafutia kiti kwanza. "Mama, grâce inatoa mutu mu boloko, haitoe hukumu. Ile inafuta kosa yenyewe ni amnistie, na hiyo haukuipata. Wewe ulisamehewa azabu tu. Na mutu anaomba musamaha juu ya kitu alifanya, ao namna gani?"

Nilikuja kwako mbio, nikaangukia mapajani mwako. Ukashika mdomo. "Hata mi sikujua, mwana wangu. Banatudanganya." Tukalia pamoja, mimi na wewe, kwenye mkeka mmoja.

Nikaanza kuuza makala, mkaa wa kupikia. Wanawake niliowazalisha walipita na watoto wao mgongoni; wengine walinisalimu, wengine waliwaonyesha wenzao kwa macho. Ndugu za mchumba wangu, waliokuwa wameshaleta posa, wakarudi kwetu kusema hawaoi mwizi, hata akiwa amesamehewa na Raisi mwenyewe. Wewe hukuniacha. Ulikuja kununua makala kwangu, ukakaa juu ya beseni lililopinduliwa, ukanipa habari za maternité. Nilisema moyoni, mama yangu alikufa, lakini Mungu amenipa huyu.

Halafu matanga yako.

Kina mama wa kanisa walikuwa wanaimba, wengine wanasonga bukari. Mwanao Mukendi akaniita nyuma ya jikoni. Nilidhani anataka tupange habari za chakula.

"Yaya Ngoie, dada yangu mukubwa, ni mi njo niliiba zile dawa. Nilikuwa nimefukuzwa kazi. Nilitoa funguo mu sakoshi ya mama."

Nikamuuliza kama wewe ulijua. Akasema ulizikuta chupa chini ya kitanda chake kabla polisi hawajafika kwangu. Nilifikiri hapo ndipo mwisho. Mukendi hakunyamaza. Akasema kabla ya kuja kwangu na ile sufuria ulipita kwanza kwa avocat mwingine, mjini, na yeye Mukendi ndiye aliyekusindikiza. Ulimuuliza yule bwana kama grâce inasafisha mtu. Akakujibu wazi kwamba haisafishi: itamtoa gerezani, lakini atabaki mwizi, na rufaa ikishaondolewa hakuna atakayemwita muuzaji.

"Mama akasema, basi, inatosha."

Inatosha. Mama Kapinga, hilo ndilo neno linalonikaba. Kumficha mwanao, hilo ninaweza kulielewa. Mimi sijazaa, sijui ningefanya nini. Lakini uliuliza. Ulijibiwa. Kisha ukapika, ukaja, ukanitazama nikila. Na siku ile niliyoanguka mapajani mwako, ulikuwa unalia nini?

Sikumpiga Mukendi. Nilimwambia twende kwa mwendesha mashtaka. Akaogopa, akasema ana watoto. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikia yote, akamwambia, "Enda. Mi sitalala tena na hii kitu mu nyumba."

Tulipitia kwanza kwa avocat wangu wa zamani. Akanieleza kwamba kuna njia ya kurudishiwa heshima: mtu anakaa miaka kwa mwenendo mzuri, kisha mahakama inamsafisha. Nikakataa. Hiyo ni ya mtu aliyekosa akatubu. Akasema basi kuna kuifungua kesi upya, lakini kunatakiwa jambo jipya ambalo mahakama haikulijua. Jambo jipya lilikuwa limekaa kando yangu, linatoka jasho.

Mukendi amesema yote, ametia sahihi, na hawakumruhusu kurudi nyumbani. Faili itakwenda Kinshasa, kwenye mahakama kuu ya nchi. Avocat hanidanganyi: inaweza kukawia, inaweza kurudi mikono mitupu. Mkewe na watoto wako kwangu kwa sasa, maana majirani wa Kapata wamewageuka. Mdogo ana paji lako la uso. Asubuhi ananiletea kichwa nimsuke, na mikono yangu inakataa, kisha inasuka.

Unajua walivyosema juu ya kaburi lako? Kwamba hukuwahi kupoteza mtoto mikononi. Niliitikia amina pamoja nao.

Kwa heri, Mama. Maua sitakuletea, na mtu akiniuliza kama nimekusamehe nitamwambia sijui bado. Ahadi yangu ni hii. Wajukuu zako hawatalala njaa nikiwa na makala ya kuuza. Na siku nitakayosimamishwa mbele ya majaji waniulize nani aliniambia niiache rufaa, sitasema nimesahau. Nitalitaja jina lako kwa heshima yake yote, Mama Kapinga, mkubwa wa wakunga, aliyenifundisha kazi. Lakini nitalitaja.

Ngoie