Furaha anaponitazama

Juru, Jumatano, 2012

Bado sielewi kichwa cha mtu kinafanyaje kazi. Leo nilienda Mbarara kumwona dada yangu Furaha hospitalini. Nilipofika kitandani, alinitazama kwa adabu kama mgeni.

"Mama, unatafuta nani?"

"Ni miye, Neema."

Hapo akanishika mikono yote miwili. "Neema, kumbe ni weye. Ongea tena."

Daktari alinieleza kwamba macho yake ni mazima. Alipoanguka na baiskeli pale Kaberebere, iliumia sehemu ya ubongo inayotambua nyuso. Sauti hupitia njia nyingine, na hiyo haikuguswa. Pua anaiona, mdomo anauona, lakini havimwambii ni nani.

Nilitaka kuhakikisha. Nilitoka, nikavua kitambaa cha kichwa, nikarudi kimya. Akanisalimu kama mgeni tena. Nikakohoa tu, akacheka.

Nawawazia watoto wake. Itabidi niwafundishe kumwita kabla hawajamkaribia.

Mwishoni nikamuuliza lile nililoliogopa, kama sura yangu imefutika kabisa.

Akafumba macho. "Hapana, nakuona muzuri. Uko na kovu kidogo juu ya jicho la kuume, fasi ulijikata na jembe tukiwa batoto."

Ni kweli kabisa. Kisha akafumbua macho, akanikagua, nami nikaona kwamba amenipoteza tena. Akainua kidole, akalitafuta lile kovu taratibu usoni mwangu, na alipolipata hakukiondoa.