Usimsimulie Ile Filamu ya Mlango

Kwako Baba Nasra,

Sikuulizi hali, maana nina wivu, na wivu hauna adabu. Nasra amerudi Houston kutoka kwako Haltom City, kule upande wa Dallas, ananiambia mke wako mpya unamkalisha kwenye kochi kila Jumapili, unamwekea filamu za yule muongozaji wetu Mkorea, unamsimulia. "Anafanya sauti zote, Mama, hata ya bibi kizee." Unamsimulia! Wallahi chai ilinishinda.

Umesahau Sharpstown, hapa hapa Houston, miaka ile ya tisini? Ulikuwa ukiegesha teksi mchana, unaingia na kanda kutoka duka la Wakorea. Hazikuwa na maandishi ya Kiingereza. "Tulia mke wangu, nakutafsiria," ukasema, kama wasimulizi wa vibanda vya video kwetu. Kikorea hujui hata salamu. Nilijua hujui, nikatulia.

Yule muongozaji nilimpenda kwa ajili yako. Kamera yake haina haraka. Watu wanakula wali kimya, mmoja anainuka anatoka, kamera inabaki kuutazama mlango mtupu. Kimya kile ukikijaza wewe: "Hapa anawaza, nimemkosea mwenzangu." Alianza na waigizaji watatu na nyumba moja. Siku hizi ana tuzo za Ulaya, anachoma majumba mbele ya kamera, anaonyeshwa mpaka sinema za Dallas. Lakini mlango wake hajauacha, na mimi kila nikiuona naisikia sauti yako.

Mwaka uliponiacha niliipata tena ile filamu yake ya kwanza, safari hii ina Kiingereza. Nikaitazama peke yangu. Kumbe yule mume aliyetoka mlangoni harudi! Wewe uliniambia amesharudi, yuko nje anavua viatu, ndiyo maana hatumwoni. Nilikutukana, mwongo mkubwa we! Kisha nikakaa nikiutazama mlango wetu, nikisikiliza kama kuna mtu anavua viatu.

Sasa sikia. Nyumba, kochi, Jumapili, na awe navyo. Msimulie za visasi, za mapolisi, hata zile za kuchekesha. Ile ya mlango usimwekee. Na ukishindwa kujizuia, basi msomee Kiingereza kilichoandikwa, mwambie mume harudi. Uongo wa viatu ulinitungia mimi.

Mtalaka wako,
Mama Nasra