Shikamoo Niliyodaiwa Sokoni

Nangwa, Jumamosi

Bado nacheka peke yangu. Leo sokoni Katesh mama muuza vitunguu amenifokea: "We binti, huamkii wakubwa?"

Binti! Mimi, mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha nne!

Tangu tope lile la mvua kubwa lishuke Mlima Hanang na kufukia nyumba, nilikuwa naogopa mvua. Ikinyesha silali mpaka asubuhi. Nikakonda, uso ukaingia makunyanzi. Mama huyuhuyu, aliyenizidi umri kabisa, siku moja akaniamkia mimi shikamoo. Nilirudi nyumbani nikalia.

Ndipo nikakubali kwenda kwa mshauri wa hospitali. Mume wangu alishangaa: "Kuongea tu, bila hata kidonge?"

Kuongea tu. Juzi mshauri kaniambia wapo watafiti wanaodhani hofu ya muda mrefu huzeesha hata seli za mwili, na kwamba tiba ya mazungumzo huenda ikapunguza kasi hiyo. Akasisitiza: huenda.

Seli zangu sijaziona. Mvi zipo palepale. Mawingu yakitanda juu ya Hanang bado natoka nje kuutazama mlima, sitajidanganya. Lakini juzi nilipitiwa na usingizi mvua ikiwa bado inapiga bati. Usingizi mzito, wa kukoroma!

Basi leo nikapiga goti kidogo mbele ya vile vitunguu. "Shikamoo mama!" Soko zima likageuka.

"Marahaba," akajibu, bado amenuna.

Nikazunguka meza yake, nikarudi, nikamwamkia tena.