Pipeti ya Kiwandani

Mwanza, 9 Agosti 1996

Mpwa wangu Teodora,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia. Mama yako mzima, mihogo yake ya kuuza imenunuliwa yote pale kivukoni Kamanga.

Mimi sasa ni mtu wa maabara, kiwanda cha minofu ya samaki. Wazungu hawagusi sangara mpaka nisafishe bika, zile glasi za kupimia! Juzi Favour, binti mpimaji, akaniambia, "Mzee Shimba, pipeti hainyonywi kwa mdomo. Tumia mpira huu." Nikamcheka. "Binti, nimenyonya petroli ya injini za mitumbwi wewe hujazaliwa!" Nikauvuta ule mrija wa kioo kwa mdomo. Kumbe ile ilikuwa tindikali.

Jambo dogo tu. Ila sauti haijatoka tangu hapo. Vijana wanakuja kusikia habari ya yule sangara aliyeuburuta mtumbwi wangu mpaka Ukerewe. Nawaonyesha kwa mikono, wanaondoka. Nabaki nazunguka uani, sikai, silali.

Wewe unasoma kemia. Muulize mwalimu wako, usinitaje: koo likiungua, sauti hurudi?

Na ukija likizo, usiniamkie mbele ya watu. Marahaba yako ndiyo hiyo niliyoiandika hapo juu.

Mjomba wako,
Shimba, mtaalamu wa maabara