Bastola Ndogo na Anwani ya Alief

Jumamosi, 7 Septemba

Renji tena, kwenye uwanja wa shabaha. Risasi mia moja. Nimenawa mikono kwa maji baridi na sabuni hadi kwenye viwiko, maana Marlene anasema vumbi la risasi ni sumu na maji ya moto yanafungua ngozi. Marlene tunakaa meza jirani ofisini Plano, kitengo cha madai ya bima. Ana miaka sitini na mitatu, anapiga shabaha kwenye mashindano ya klabu, na hana habari na mtu. Ndiyo maana tunaelewana.

Mwezi wa sita ofisi nzima walitupeleka kule, eti tujenge umoja. Wenzangu walipiga picha na kelele. Mimi nilipiga risasi hamsini na sikusikia kitu moyoni. Si hofu, si raha. Ila usiku ule nililala kwa muda wa saa saba bila kugeuka. Tangu Kaka Deo afariki mwezi wa kwanza sikuwahi kulala hivyo. Basi nakwenda kila Jumamosi, nakodi bastola yao, narudi.

Leo Marlene kasema kukodi kumetosha, nitafute yangu. Nimesema sawa. Siku hizi nasema sawa kwa kila kitu.

Jumapili, 15 Septemba

Wifi Nabintu amepiga kutoka Houston. Barua zangu zimefika, mbili. Moja ya benki, moja ya mambo ya gari. Kauliza nimekula nini. Wali. Akasema haya. Dakika tatu, simu imekwisha.

Ndivyo tunavyoongea tangu msiba. Nilipoingia nchi hii nilifikia kwa Kaka Deo kule Alief, mtaa wa Houston, na kama wageni wote nikaandikisha kila kitu kwa anwani ya mwenyeji wangu: leseni, benki, gari. Mwaka wa tatu huu niko Lewisville na karatasi zangu bado ziko Alief. Uvivu tu. Kaka alikuwa akizipokea na kunitania kwamba mimi ni mpangaji wake asiyeonekana. Sasa anazipokea mkewe.

Hawakujaliwa mtoto. Kinachotuunganisha mimi na wifi ni bahasha. Kinachotutenganisha nakijua pia. Yeye alitaka mumewe azikwe Houston, ukoo wetu ukataka Morogoro, na aliyekaa naye jikoni siku mbili kumlainisha akubali ni mimi. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa hazijakamilika, hakuweza kusafiri. Mazishi ya mume wake aliyatazama kwenye simu.

Habari ya renji haijui. Alitoka Bukavu kwa miguu akiwa na miaka kumi na nne, bunduki zinalia nyuma yake. Simwambii.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimejaribu bastola tatu. Zote za ishirini na mbili, ile risasi ndogo kabisa. Marlene anasema ya kwanza lazima iwe hiyo: mlio mdogo, hairuki mkononi, mkono haujifunzi woga.

Ya kwanza mwili wa plastiki. Nyepesi kama rimoti ya televisheni. Alama ya mbele ya kulengea inacheza, na mimi nacheza nayo. Hapana.

Ya pili ya silinda, kama za kwenye sinema. Nilitaka sana kuipenda. Kidole kinavuta na kuvuta mpaka mkono mzima unatetemeka. Hapana.

Ya tatu chuma kitupu. Mtutu mrefu, mnene, sura mbaya kabisa. Nzito. Lakini ukiielekeza mahali inakaa pale. Nimepiga tano, matundu yote yangefunikwa na kisoda. Marlene kanipa aina nne za risasi nijaribu, kwa sababu bastola hizi zina deko, zinachagua chakula. Mbili kazikataa, moja kaisusia nusu, moja kaila yote.

Ndiyo hiyo. Marlene kanipiga bega. Nikasimama nikisubiri furaha ije. Haikuja.

Jumamosi, 28 Septemba

Leo nimevuta, ikalia tik. Basi. Kimya.

Sheria ya renji ikitokea hivyo: usishushe, usichungulie. Inawezekana inachelewa kulipuka. Ielekeze kwenye shabaha uhesabu mpaka thelathini.

Nikahesabu. Kwenye kumi na kitu nikakumbuka siku ya Kaka. Alianguka ghalani kazini, wakampigia wifi, wifi akanipigia mimi. Nikamwambia subiri, niko kikaoni. Niliyatamka maneno hayo. Subiri, niko kikaoni. Nilipompigia, kaka alikuwa ameshakufa.

Thelathini. Nikaitoa ile risasi. Nzima, na alama ndogo ukingoni kwenye kitako, pale ilipogongwa. Nimeitia kwenye ndoo ya mbovu. Nimemaliza boksi lililobaki. Sikulia.

Jumanne, 1 Oktoba

Kazi. Nimerudi. Nimekula mkate nimesimama. Hauna ladha. Si mkate, ni mimi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Leo ilikuwa ninunue. Nimekwama kwa upumbavu wangu mwenyewe.

Duka liko hapohapo renji. Muuzaji ni mama mmoja mwenye miwani shingoni, mpole, ananifahamu kwa sura. Kanipa fomu ya serikali. Jina, kuzaliwa, kadi ya ukazi. Anwani unayoishi. Nikaandika Alief. Sikufikiri hata kidogo. Miaka kumi na moja mtu akiniuliza anwani mkono wangu unaandika Alief.

Yule mama akaangalia leseni, Alief. Akaangalia fomu, Alief. Akaangalia kadi yangu ya uanachama wa renji, ile aliyonijazia Marlene, Lewisville. Kaniuliza nalala wapi. Nikasema Lewisville. Akaichukua fomu kabla sijasaini, akaichana taratibu. Kasema hanishuku jambo, ila hapa huandiki anwani ya mtu mwingine, ni kosa kubwa. Nikabadilishe leseni kwanza, bastola itanisubiri.

Aibu. Shavu lote moto. Marlene nyuma yangu anajifanya anatazama vizuia-kelele vya masikioni.

Kubadilisha anwani ni dakika kumi kwenye kompyuta. Nimekaa mbele yake jioni nzima. Nikibadilisha leseni nitabadilisha na gari, na benki, maana ndivyo inavyotakiwa. Bahasha zitakoma. Na wifi hana sababu nyingine ya kunipigia. Mtu niliyemnyang'anya maiti anipigie kwa lipi?

Jumanne, 8 Oktoba

Bado sijabadilisha. Naogopa. Angalau ni kitu.

Nitakwenda Alief nimwambie mwenyewe. Yote mawili.

Jumamosi, 12 Oktoba

Muda wa saa nne na nusu barabarani, malori mwanzo mwisho. Nimemkuta wifi ametoka zamu kwa wazee anaowatunza, bado na sare, anatwanga sombe, kisamvu cha kwao. Viatu vya Kaka viko palepale mlangoni. Vimepigwa rangi. Nani anapiga rangi viatu vya marehemu? Sikuuliza.

Nimesema kabla ya kula, nisije nikakimbia. La kwanza, bastola. Nimemweleza yote: karatasi za shabaha, risasi ndogo, hakuna kuwinda wala kumlenga mtu, nalala vizuri nikirudi. Akaacha kutwanga. Uso haukubadilika.

"Weye karibu siku zote," akasema. "Ile kitu, hapana. Haitaingia mu nyumba yangu."

Nikasema sawa, haitakanyaga Alief. Akarudi kwenye kinu. Nilitegemea mabaya zaidi. Nikafikiri limepita.

La pili, anwani. Hapo ndipo alipoweka mchi chini. Akaenda chumbani akarudi na kopo la biskuti, akaliweka mezani mbele yangu. Barua zangu za miezi yote ambazo sikuwahi kuzifuata, zimepangwa kwa tarehe. Na za Kaka, ambazo bado zinakuja.

"Sasa mie nitakupigia juu ya nini?"

Nilipaswa kujibu. Jibu lilikuwa rahisi, hata mtoto angelijua. Nikaanza kuhesabu bahasha. Tukala. Sombe ilikuwa na ndagala, wale dagaa, na mawese, na nakumbuka nilisikia chumvi, baada ya muda mrefu sana.

Nikiwa mlangoni, kopo kwapani, akasema tena, bila hasira: "Ata photo ya kaburi hamukunitumia."

Nikamwambia nitamtafutia. Uongo. Mama alinitumia picha tangu mwezi wa pili. Ziko kwenye simu hii hii, sijawahi kuzifungua. Nimeendesha mpaka Lewisville bila redio.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimebadilisha zote. Leseni, gari, benki. Dakika kumi kweli. Wifi hakupiga.

Jumapili, 27 Oktoba

Leseni mpya imekuja kwa posta. Lewisville. Sura yangu ileile, kama niliyeamshwa.

Jumapili ya pili hakuna simu. Nimeiweka mezani kuanzia saa nne asubuhi, nikafua, nikakunja, nikaiangalia. Ningeweza kupiga mimi. Kila nikiishika nasikia ile "subiri, niko kikaoni". Kosa ni langu na linauma. Naliandika hapa ili nisilikatae kesho: linauma.

Saa kumi nikafungua picha. Tano. Saruji nyeupe, msalaba, jina lake limeandikwa vizuri. Kuna mtu amepanda maua pembeni, nadhani ni Mama. Ya tano ina kivuli cha mpiga picha juu ya kaburi. Nimemtumia wifi zote tano, na chini nikaandika: Nilikuwa nazo. Nisamehe.

Ameziona. Hajajibu.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimenunua. Ile ya chuma, mbaya wa sura. Fomu nimejaza polepole, Lewisville, herufi moja moja. Yule mama wa miwani kasoma mstari ule mara mbili, akatabasamu. Wakakagua jina langu serikalini, tukasubiri, likarudi safi.

Kisha kasema kadi ya renji inadumu miaka miwili, basi nihakikishe mtu wa kupigiwa simu nikipata ajali. Nikaitazama. Deo, kaka, na namba yake; Marlene alipoijaza aliniuliza ndugu wa karibu, mdomo ukamtaja Kaka kwa mazoea. Kwa hiyo miezi yote hii ningeanguka pale wangempigia marehemu.

Nimeikata kwa mstari mmoja. Nimeandika Nabintu. Sikumwomba ruhusa. Kwenye uhusiano nimeandika dada, maana wifi ningemweleza yule mama mpaka jioni.

Risasi hamsini za kwanza za bastola yangu mwenyewe. Zimekaa pamoja, chini kidogo kushoto. Marlene kasema ni kidole, si bastola. Hakuna jipya.

Jumapili, 10 Novemba

Asubuhi nimesafisha bastola mezani, juu ya magazeti. Iko tupu, nimekagua mara mbili. Mikono myeusi, mafuta mpaka kwenye kucha. Simu ikalia. Wifi. Nimewasha spika kwa kifundo cha kidole.

Nikajiandaa kuambiwa kuna barua iliyopotea njia. Nikawa tayari kumshukuru.

"Hakuna barua," akasema. "Napiga tu."

Akaniuliza niko nafanya nini. Ningeweza kusema nafua. Nikamwambia ukweli, nasafisha bastola.

Nikajikuta nahesabu. Nilifika ishirini na saba.

"Enda unawe mikono kwanza," akasema. "Niko nangoja."

Nimenawa. Maji baridi, sabuni, hadi kwenye viwiko. Nimelia palepale kwenye sinki, si sana. Nikajifuta, nikaifungia bastola kwenye kasha lake, nikarudi mezani. Alikuwa bado yuko kwenye simu, nasikia anaosha vyombo. Akaanza kuniuliza yale maua ya kaburini ni ya rangi gani, kwenye picha hayaonekani vizuri.